Bunduki Mbili Juu ya Kaunta ya Clovis

Kla-chak.

Wifi yangu Rolande anaikumbuka sauti hiyo kuliko anavyoikumbuka sauti ya mama yake mzazi. Anasema aliisikia mara ya kwanza akiwa na miaka minne, amejificha chini ya meza ya jikoni, na baba yake anasafisha bunduki juu ya meza hiyo. Chuma kinakwenda, chuma kinarudi. Ilikuwa bunduki ya wenzo, kama zilivyokuwa bunduki za wazee wengi wa bonde letu la Mto Saint John, huku juu kabisa Maine, ambako ukitupa jiwe linaangukia Kanada. Chini ya triga pana kishikio cha chuma kama kitanzi. Ukikisukuma chini, ganda linaruka nje; ukikirudisha juu, risasi nyingine inaingia. Rolande alipofika miaka minane, baba yake akawa anampa bunduki tupu jioni za baridi, auchezeshe wenzo huku yeye anavuta kiko na kumsikiliza.

Sasa ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na miwili amewapikia watoto wa shule yetu, na hakuna kitu kilichowahi kupita mbele yake bila kuulizwa swali. Alimuuliza fundi wa friji baridi inatoka wapi hasa, na fundi akakiri kwamba hakuwahi kufikiria. Alimuuliza padre mabaki ya mishumaa yanapelekwa wapi. Mume wangu Gilman, kitinda mimba wao, anasema dada yake alizaliwa akimuuliza mkunga amesomea wapi.

Familia ina kambi ya kuwindia maili thelathini ndani ya msitu, kibanda cha magogo chenye vitanda sita na jiko la kuni. Baba yao alipofariki, miaka sita iliyopita, kitanda chake kilibaki wazi, na kituo chake cha kuvizia pia, pale ukingoni mwa kinamasi cha mierezi. Kabla mtu hajafungua mdomo Rolande akasema, "Naenda mimi." Kaka zake wakamkubali, nusu kwa upendo, nusu kwa ajili ya maharage yake.

Miaka mitano hakuona kitu zaidi ya mikia. Halafu Novemba ya mwaka jana kulungu dume akamtokea, hatua arobaini, amesimama ubavu. Rolande aliinua bunduki aliyoazima kwa Gilman akaanza kupiga. Anaapa alikuwa anapiga. Lakini Gilman, aliyekuwa upande wa pili wa kinamasi, hakusikia mlio hata mmoja. Alimwona tu kulungu anapita taratibu kama mtu anayetoka kanisani. Walipokwenda kuangalia, walikuta risasi tano zimelala kwenye theluji, nzima kabisa. Rolande alikuwa amezisukuma zote nje kwa wenzo bila kufyatua hata moja.

Jambo hilo kwetu lina jina. Tunaliita homa ya dume, na limewapata wanaume wenye ndevu. Wakati wa chakula Réal, kaka yao mkubwa, alizipanga zile risasi tano mezani karibu na sahani ya dada yake.

"Chumvi," alisema akionyesha kwa kidole. "Pilipili. Na risasi za Rolande."

Tulicheka, hata Rolande alicheka. Lakini baadaye aliniambia, "Wifi, sikuwa na homa. Moyo wangu ulikuwa umepoa kama supu ya jana. Nataka kujua nini kilitokea."

Mwaka mzima alilitafuna swali hilo. Halafu Agosti Réal akaja na jambo lake. Mkwewe, Kevin, alikuwa anataka kuingia kambini, na Kevin alihitaji kituo.

"Nakupa msimu mmoja, mdogo wangu," Réal alimwambia. "Ukirudi tena na risasi zote nzima, kinamasi anachukua Kevin. Wewe utabaki na jiko. Mpishi anaamka kwanza, anawasha moto, anatuamsha sisi. Siyo dharau hiyo. Ni kazi."

"Ni kazi ninayoifanya siku mia na themanini kwa mwaka," Rolande akajibu.

"Basi umeshaizoea."

Ndipo alipoamua kununua bunduki yake mwenyewe. Gilman alikuwa tayari kumwazima tena, akakataa. "Kitu cha kuazima," alisema, "huwezi kukihoji."

Tulikwenda mwishoni mwa Septemba, wiki ya mapumziko ya viazi, shule zikiwa zimefungwa ili watoto wakavune. Gilman alikuwa shambani juu ya mashine, kwa hiyo niliendesha mimi. Duka la Clovis Deschaine lilikuwa zamani ghala la chakula cha ng'ombe, na ukiingia bado linanuka shayiri. Anauza bunduki, viatu vya mpira, na minyoo ya kuvulia kutoka kwenye friji iliyokaa chini ya kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Clovis mwenyewe ni mtu mrefu anayeongea polepole, miwani yake ikining'inia kwenye kamba ya kiatu.

"Thelathini-thelathini," Rolande alimwambia. Ni risasi ileile aliyotumia baba yake.

"Mpya au ya mtu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja na siku nzima."

Clovis akatandaza kipande cha zulia la kijani juu ya kaunta, akalaza bunduki mbili sambamba. Mpya ilikuwa nyeusi tii, inanuka mafuta, mbao zake hazina mkwaruzo. Ya zamani ilikuwa na umri wa karibu na Rolande. Rangi yake ya chuma ilikuwa bado nzuri, isipokuwa mahali pamoja chini ya tumbo, ambapo ilikuwa imeisha kabisa ikabaki nyeupe, laini kama kijiko kilichorithiwa.

Rolande hakuigusa ile mpya. Aliinama juu ya ile nyeupe.

"Alikuwa anaibebea hapa," alisema.

"Wote huibebea hapo. Ndipo uzito unapolingana."

"Lakini huyu alitumia mkono wa kushoto. Tazama, kiganja kimekula rangi upande huu, vidole upande ule." Akaweka mkono wake wa kushoto, na vidole vyake vikaangukia pale pale. "Alikuwa nani?"

"Binti yake ndiye aliyeileta, kutoka upande wa Allagash. Alisema baba yake alipenda kutembea."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Alikuwa anapata kulungu?"

"Sikumuuliza."

"Clovis! Mtu anakuletea bunduki ya marehemu baba yake nawe humuulizi?"

Clovis alivaa miwani kana kwamba swali limeandikwa mahali. Halafu akafungua wenzo, akachomeka kipande cha karatasi nyeupe ndani ili mwanga upande, akamwambia achungulie kwenye mtutu kutoka mbele. Rolande alichungulia muda mrefu. Akaniita nami nichungulie. Ndani mlikuwa safi, mistari inazunguka na kung'aa kama ndani ya kombe la konokono.

"Haijapigwa sana hii," Clovis alisema. "Na vichwa vya skrubu havijaliwa. Hakuna fundi wa jikoni aliyeifungua."

"Kwa hiyo aliibeba miaka hamsini, na hakupiga sana." Rolande alichungulia tena. "Alikuwa anatafuta nini kule msituni?"

Mlango ukalia. Aliingia Réal na kikombe cha kahawa cha karatasi. Hakuna aliyemwalika, lakini lori langu linaonekana kutoka barabarani.

"Msinunue ya zamani," alisema hata kabla ya salamu. "Ya zamani unanunua kikohozi cha mtu mwingine."

"Wewe mwenyewe wa zamani, kaka, na mkeo bado hajakurudisha dukani."

"Amejaribu. Hawakumkubalia."

Clovis alieleza tofauti, polepole, akigusa huku na kule. Ya zamani inarusha ganda juu, kwa hiyo darubini haiwezi kukaa mgongoni mwake. Mpya inarusha ubavuni, na macho ya miaka hamsini na saba hupenda darubini. Ya zamani usalama wake ni nyundo tu, ile ya nyuma inayogonga risasi: unairudisha nusu, basi. Mpya ina kitufe cha usalama pia, kinachoizuia nyundo isiifikie risasi, ambacho wengine wanakipenda na wengine wanakilaani. Nyundo ya zamani ni nyepesi kwa kidole gumba. Ya mpya ni ngumu, italegea na miaka. Bei ya mpya ilikuwa karibu mara mbili, lakini Rolande alikuwa ameweka akiba ya kutosha zote mbili, na juu ya hilo hakuuliza chochote.

"Bunduki hazichaguliwi kwa maneno," Clovis alimaliza. Akatoa risasi tano za bandia, nyekundu, za kufanyia mazoezi, akazisukuma moja moja ndani ya ile ya zamani. "Unamwona yule juu ya friji ya minyoo? Huyo ndiye dume lako. Ametokea sasa hivi. Mpige mpaka ziishe."

Rolande aliinua bunduki. Akaituliza begani vizuri, shavu likalala juu ya mbao kama limezaliwa hapo. Kla-chak. Kla-chak. Kla-chak. Mara tano, kwa mwendo mmoja, laini, bila kukwama. Sijawahi kuona mikono inayojua kazi namna ile. Vitu vyekundu vitano viliruka hewani vikabiringika mpaka chini ya viatu vya mpira.

Réal alipiga paja lake kwa kicheko. "Huyo! Ndiye yeye!"

Clovis hakucheka. "Rolande, umepiga mara ngapi?"

"Tano."

"Hujagusa triga hata mara moja."

"Nimegusa."

"Nilikuwa nakitazama kidole chako. Kilikuwa nje, kimenyooka, tangu mwanzo mpaka mwisho." Aliokota zile risasi akamrudishia. "Hebu tena. Na wewe kitazame."

Mara ya pili tulikitazama sote. Kidole kilikaa nje ya kitanzi cha triga kama mtoto aliyeambiwa asubiri nje, huku mkono mzima ukicheza wenzo. Rolande alishusha bunduki akakiangalia kidole chake mwenyewe, akakikunja, akakikunjua. Akaketi juu ya kreti ya viatu.

"Baba alikataza," alisema.

"Alikataza nini?"

"Kufyatua tupu. Alisema kunavunja pini ya kufyatulia. Cheza wenzo, Rolande, cheza utakavyo, ila kidole kikae nje. Kila jioni. Miaka mingapi ile? Mpaka nilipoolewa." Akamgeukia kaka yake. "Réal, wewe alikufundishia wapi?"

"Kwenye shimo la changarawe. Sote. Mimi, Gilman, binamu zetu."

"Na risasi za kweli?"

"Sasa kwa risasi za nini?"

"Mimi alinifundishia jikoni."

Réal alikunywa kahawa yake, akaona imeisha, akaendelea kushika kikombe. Alikuwa ameacha kucheka. Siku zile risasi zilikuwa haba, na hakuna aliyefikiri msichana atakuja kuzihitaji.

Nilidhani Rolande atalia. Wapi! Uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtu aliyekesha wiki akitafuta bomba linalovuja na sasa ameligusa kwa mkono.

"Basi siyo homa!" alisema. "Ni utiifu! Yuko kaburini miaka sita na kidole bado kinamtii! Clovis, jaza ile mpya."

Clovis akajaza. Wenzo wa mpya ulikuwa mgumu. Ulikwenda kwa kusita, na ukirudi ulihitaji kusukumwa kwa nguvu mpaka ujifunge. Mara ya kwanza Rolande alisimama katikati kana kwamba mtu amemwita. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, katika kile kisimamo kidogo, nilikiona kidole kinaingia ndani ya kitanzi cha triga, kwa aibu. Tak, nyundo ikaanguka. Akajaribu tena, tak. Akairudia ya zamani, na mkono ukakimbia wenyewe, tano tupu. Akarudi kwa mpya: tatu kati ya tano. Alikwenda na kurudi hivyo karibu saa nzima, na kila mara alikuwa na swali. Mkono unakumbukia wapi? Kwenye kiwiko au kichwani? Clovis alisema yeye anauza bunduki tu.

"Hata ya zamani utaizoea," Clovis alimwambia. "Ni suala la mazoezi."

"Najua." Aliilaza juu ya zulia, akapitisha kidole gumba juu ya ile nyeupe. "Naipenda hii. Nimeipenda tangu nilipoingia. Lakini inaijua mikono yangu mno. Nikiishika nakuwa na miaka minane." Akagusa ile nyeusi. "Hii haijui kitu. Itanilazimisha kusimama kila mara na kufikiri. Nifungie hii."

"Nilisema mimi!" Réal akasema. "Mpya!"

"Ulisema, kaka."

Hakumweleza zaidi. Alijaza fomu, Clovis akapiga simu serikalini kumhakiki, na tulipokuwa tunasubiri jibu Rolande alitaka kujua ni watu wangapi wameketi upande ule wa simu na kama wanaruhusiwa kula mezani. Tulipokuwa tunatoka alirudi hadi kaunta peke yake.

"Yule binti akija tena," alimwambia Clovis, "muulize."

Wiki zote za Oktoba alifanya mazoezi. Alasiri akitoka shuleni alifyatua zile risasi nyekundu, alizopewa na Clovis, jikoni kwake, polepole, wenzo kisha triga, na Jumamosi Gilman alimpeleka shimo la changarawe na mafungu ya sahani za karatasi. Alirudi na bega la zambarau na sahani zilizotobolewa, akazibandika kwenye kabati apate kuzisoma. Mara mbili alisahau kitufe cha usalama. Mara mbili alikitukana kwa Kifaransa cha bibi yake.

Theluji ya kufaa ilianguka wiki ya tatu ya Novemba. Kevin alikuwa ameshafika kambini na begi lake, kijana mwenye adabu, amelala sakafuni bila kulalamika, naye akijua kama sote tulivyojua kwamba kitanda na kituo cha Rolande vilikuwa vinapimwa. Jumanne Rolande aliniomba nikae naye kinamasini. "Usifanye kitu," alisema. "Tazama kidole."

Tulikaa tumeegemea mwerezi, tumevaa rangi ya chungwa kama maboga mawili. Kinamasi kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ploye, zile chapati zetu nyembamba, nilizokula asubuhi zikijipanga tumboni. Mwanga ulikuwa umeshakuwa mweupe dume lilipotokea, kichwa chini, linanusa. Hatua hamsini. Rolande aliinua bunduki taratibu, akavuta nyundo kwa kidole gumba. Kidole kikaingia kwenye triga. Nilikiona.

Tak.

Kitufe. Kulungu akainua kichwa, masikio mbele. Sikuthubutu kupumua. Nilingoja mkono ukimbie, nilingoja zile risasi zianze kuruka nzima kwenye theluji. Rolande hakukimbia. Alisukuma kitufe, akavuta nyundo tena, na msitu wote ukapasuka. Akasukuma wenzo, akasimama pale katikati kama dukani, akaurudisha, akapiga tena. Kulungu alikuwa ameshageuka mkia mweupe, akaruka gogo, akapotea.

Tulifuata nyayo zake saa mbili, mpaka alipovuka kijito. Hapakuwa na tone la damu wala unywele. Kwenye njia ya kurudi Rolande alikuta tundu jipya katika shina la mwerezi, akaingiza kidole chake ndani, kidole kilekile, akapima kwa jicho.

"Kiganja kimoja juu ya mgongo wake," alisema. "Mbona juu? Nilikuwa nimeinama au yeye ndiye aliyeinama?"

Tulibishana juu ya hilo njia nzima.

Kambini walikuwa wamesikia milio miwili na wote walikuwa nje mlangoni, Kevin na ndoo ya kuni mkononi.

"Liko wapi?" Réal aliuliza.

"Liko Kanada, kwa mwendo ule."

"Umepiga?"

"Mara mbili. Nimekosa mara mbili."

Gilman alipiga yowe akamkumbatia dada yake mpaka kofia ikaanguka. Réal aligeuka. Aliingia ndani, akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia ngozi. Kambini kwetu anayekosa hukatwa pindo la shati mgongoni. Kipande huandikwa jina na mwaka na kupigiliwa ukutani. Ukuta wote wa nyuma ni vipande hivyo, vya mirabamiraba, vingine vimefifia hata huwezi kusoma. Baba yao ana vinne. Gilman ana tisa. Kwa miaka sita hakikuwepo cha Rolande, maana hawezi kukosa mtu ambaye hajapiga.

Walimsimamisha karibu na jiko. Kevin aliuliza kama inauma, Gilman akamwambia inauma sana. Réal alipiga goti nyuma ya dada yake, mzee mzima, akavuta pindo la shati kutoka kwenye suruali, akalinyoosha kwa kiganja kana kwamba ni kitambaa cha altare. Mkasi ulianza kula.

Rolande alikuwa ananitazama mimi, macho yamemjaa kicheko. Hakugeuza kichwa. Alisema kwa sauti ndogo sana, hata nilijua tu kwamba Réal ameisikia kwa jinsi mkasi ulivyosimama:

"Kaka, kesho jiko unawasha wewe."